Nimejifungia kwenye choo cha mama mkwe

Leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto. Sikutaka kuandika, lakini shemeji yangu ameshaanza kulisimulia jambo hili kwa simu kwa watu wa Likasi, kwa hiyo afadhali mlisikie kwangu mwenyewe kabla halijatiwa chumvi. (Si kwamba linahitaji chumvi.)

Wasionijua: naitwa Kabange. Ni fundi wa magari makubwa ya mgodi. Naishi Dilala, katika nyumba mojawapo ya zile za zamani za kampuni, zenye korido nyembamba na bafu la kutosha mtu mmoja na ndoo yake. Nina mke, Ngoie, nina watoto wanne, na tangu wiki tatu zilizopita nina mama mkwe ndani ya nyumba.

Mama Numbi ametoka upande wa Kisenge. Walimkata mguu wa kulia chini ya goti, na kidonda kinatakiwa kuoshwa na kufungwa upya mara tatu kwa wiki, hapa Kolwezi. Kijijini kwake hakuna wa kumfanyia hivyo. Akirudi, kidonda kitarudi naye, na sote tunajua mwisho wake. Kwa hiyo akakaa kwetu, chumba cha mbele, na kiti cha magurudumu tulichopewa na watu wa parokia.

Sasa, bafu. Mlango wake ulikuwa sentimita sitini. Kiti, sitini na sita. Mlangoni kulikuwa na kizingiti cha kuruka, na ndani hakuna pa kushika ila bomba la maji lililolegea. Kwa hiyo kwa wiki tatu mama wa watu ameogea chumbani kwenye beseni, na yale mengine kwenye ndoo. Ngoie ndiye anayeitoa. Mwanamke aliyezaa watoto saba na kuongoza akina mama wa parokia yake miaka mingi, akaanza kukataa maji ya kunywa. Tulidhani hana kiu. Muuguzi ndiye aliyegundua: mgonjwa hanywi kwa sababu hataki kukalia ndoo. Siku hiyo Ngoie alilia jikoni, na mimi nilisimama pale na kifuniko cha sufuria mkononi.

Jumatano mama akatoa neno lake, kupitia kwa Ngoie kama kawaida.

"Ndoo, ata kwetu iko. Munirudishe."

Mwanawe mkubwa, shemeji Ilunga, akasema atafika leo Jumamosi alasiri. Akikuta mama yake bado yuko kwenye ndoo, anaondoka naye kesho baada ya misa. Akikuta bafu, mama anabaki. Ni hivyo tu. Nilikuwa na siku tatu.

Mtaniuliza: kwa nini hukumuuliza mwenyewe anataka nini humo bafuni? Mnaouliza hivyo hamna bukwe.

Niwaeleze bukwe ni nini, nyinyi wa mbali. Sisi wenye asili ya kaskazini ya Katanga, hata tuliohamia Kisenge, mama mkwe hatazamwi. Hupeani naye mkono, huketi anapoketi, huingii chumba chake, husemi naye uso kwa uso. Ukikutana naye njiani, mmoja wenu anaenda kuangalia miti. Kuna kuku wa kumaliza mambo hayo, mkwe anampeleka, mama anakula, na tangu hapo mnaweza kusalimiana kama watu. Lakini sisi tulioana mbali na Kisenge, reli ikawa mbovu, barabara ikawa mbovu zaidi, na kuku akawa anaahirishwa. Miaka kumi na mmoja. Katika miaka hiyo yote nimewahi kumwona mama mkwe wangu mgongo, kilemba, na mara moja kwa bahati mbaya, sikio.

Na mnataka nimuulize habari za choo.

Basi nilifanya kazi kama fundi. Nilipanua mlango. Nilivunja kizingiti, nikamwaga saruji, nikaweka mteremko laini. Nikachomelea vyuma vya kushikia vya bomba nene, upande wa kulia, kwa sababu ukuta imara uko kulia. Kiti chake nilikipima kikiwa kitupu, mwenyewe amelala. Yeye sikumpima. Nani ampime? Nikampiga marufuku Ngoie asiingie humo hadi nimalize. Nilitaka waone kitu kilichokamilika. (Kumbukeni sentensi hiyo. Mimi nitaikumbuka hadi kaburini.)

Halafu nikaongeza utundu wangu. Kazini, kwenye zile mashine za kubebea mawe, kuna chuma kinachoshuka mbele ya dereva na kumshika asianguke. Nikatengeneza kama kile. Kinashuka kutoka nyuma, kinapita mabegani, kinakaa juu ya mapaja, na pini inajifunga yenyewe. Mama akikaa, hata akisinzia haanguki. Nilikitazama kile chuma nikajisikia mtu mkubwa sana.

Saa saba leo kila kitu kilikuwa tayari. Ngoie akatoka kwenda kumpokea kaka yake kwenye kituo cha basi, apitie na sokoni kununua samaki. Watoto wako kwenye mazoezi ya kwaya. Kabla hajatoka nilimwambia ile ndoo aitoe kabisa chumbani kwa mama, aioshe, aiweke huko nyuma ya nyumba.

"Ndoo inaisha kazi," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Ngoie, mi niko mécanicien."

Akanitazama vile wanavyotazama wake zetu, akaenda.

Nikabaki na mama mkwe aliyelala na bafu jipya. Mtu mwenye akili angekaa barazani akangoja wageni. Lakini karakana yetu ina sheria: hakuna kitu kinachokabidhiwa bila kujaribiwa kwa mzigo. Na mzigo ulikuwa mimi.

Kiti cha mama kilikuwa koridoni, mlangoni kwake. Nikakichukua. Dakika tano tu, nikajiambia, atakuwa hajageuka hata upande wa pili. Nikavua suruali ya kazi maana ni nene na ngumu, nikabaki na kaptula ya ndani ya zamani, ile yenye dirisha nyuma. Kwa kuwa mama anavaa kikwembe (nyinyi mnaita kitenge), nami nikajifunga kikwembe nilichokitoa kwenye kamba nje, nione kama kitambaa kitanasa kwenye magurudumu. Ngoie anavyo vingi. Vikwembe vyote kwangu ni maua tu. Mwisho nikachukua mkanda wa kufungia mizigo, nikajifunga magoti yote mawili pamoja, nikakaza, ili nisidanganye kwa kutumia miguu.

Simu niliiacha jikoni, inachaji.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri mpaka nikataka kuimba. Mteremko, safi. Mlango, nimepita bila kugusa. Nikauvuta nyuma yangu ukajifunga taratibu. Nikashika chuma cha kulia, nikajiinua, nikageuka, nikatua kwenye choo. Nikavuta kile chuma changu cha utundu. Kikashuka mabegani, kikakaa mapajani.

Klak.

Nikakaa hapo kama chifu. Nikatikisa mkono wa kushoto, wa kulia, nikajiegemeza huku na huku. Imara. Haiendi popote. Nikasema moyoni, mama, hapa huanguki.

Halafu nikataka kutoka.

Kwenye zile mashine, pini iko nyuma ya dereva, kwa sababu anayeifungua ni mwenzako aliyesimama nje. Mikono yangu imefunga pini hizo miaka kumi na minne. Sasa ndiyo mikono hiyo ilikuwa imefunga hii bila kuniuliza: nyuma, chini, karibu na tangi la maji. Nikapeleka mkono. Ukapungua upana wa vidole viwili. Nikajinyoosha. Kidole kimoja na nusu. Nikavuta pumzi yote ndani, nikapinda bega mpaka likalia. Kidole kimoja. Hapo ndipo mwili wangu ulipogoma kabisa.

Nikajaribu kuteleza chini. Chuma kilikuwa kimelala juu ya kitambi, kwa sababu nilikichomelea kwa kipimo cha kiti kitupu. Mkanda wa magotini, kifungo chake kilikuwa chini ya chuma. Nikanyoosha mkono nishike kiti cha magurudumu kinisaidie. Breki sikuweka. Na sakafu niliipa mteremko kuelekea tundu la maji, kazi nzuri sana, nilijisifu Alhamisi nzima. Kiti kikaanza kuondoka polepole, kama mtu anayeaga. Ncha ya kikwembe ilikuwa imenasa gurudumuni (kwa hiyo jibu la jaribio ni ndiyo, kitambaa kinanasa), kikaondoka na kikwembe nusu, kikaenda kusimama kwenye kona.

Nikawa nimefungwa magoti, nimefungwa tumbo, nimekalia choo, nimeshika ncha moja ya kikwembe.

Sikuogopa bado. Nilifikiri nitapiga kelele, jirani asikie. Lakini jirani ana mashine ya kusaga mahindi, na Jumamosi inanguruma tangu asubuhi. Nikaita mara mbili. Hata mimi sikujisikia. Nikaanza kuhesabu: kutoka kituoni hadi sokoni, kutoka sokoni hadi nyumbani, na Ngoie hawezi kununua samaki bila kuwashika wote. Saa nzima, labda zaidi. Nitangoja. Mama amelala. Hakuna atakayejua.

Umeme ukakatika.

Mashine ya jirani ikashuka sauti, ikanyamaza. Dilala nzima ikanyamaza. Nikafungua mdomo nipige kelele sasa, na kabla sauti haijatoka, nikasikia kutoka chumba cha mbele:

"Ngoie?"

Nikafunga mdomo.

"Ngoie, leta kiti."

Kiti kiko kwenye kona, na kikwembe mdomoni.

"Ngoie. Ndoo iko wapi? Ngoie, mi nabanwa."

Jamani. Kuna kicheko katika habari hii, nakiri, lakini pale hakikuwapo. Mtu amelala wiki tatu akinyima mdomo wake maji ili asikalie ndoo, na leo, kwa amri yangu mimi fundi, hana ndoo, hana kiti, na bafu alilojengewa lina mtu. Nikitaka kumjibu, nitamjibuje? Bukwe. Nimwambie nini, kutoka wapi? Nikakaa kimya kama mwizi. Nikaweka hata mkono mdomoni.

Akaita mara ya nne. Halafu hakuita tena.

Kitanda kikalia. Halafu kishindo.

Si kishindo kikubwa. Kile cha mtu kushuka kitandani kwa makalio, au kuanguka. Sikujua ni kipi. Nikasahau bukwe, nikasahau kaptula, nikasahau jina langu.

"Mama! Unaanguka?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia mama mkwe wangu, baada ya miaka kumi na mmoja. Kutoka chooni.

Nikasikia kitu kinaburuzwa. Kinasimama. Kinaburuzwa. Kinasimama. Alikuwa anakuja koridoni, ameketi sakafuni, anajivuta. Niliutazama mlango kama anayengoja hukumu. Kule kuburuzwa kukafika, kukasimama upande wa pili. Nikasikia pumzi zake.

"Mulango," akasema. "Mi nasema na mulango. Mulango, nani eko mule ndani?"

Alikuwa na heshima zake hata pale. Hakusema na mimi. Ikabidi nami nijibu kwa njia hiyo hiyo.

"Mulango inasema ni Kabange, mama."

"Anafanya nini na kiti yangu?"

"Anajaribu kazi."

"Sawa. Anaisha kujaribu. Atoke."

"Hawezi."

"Juu ya nini hawezi?"

Nikafumba macho. "Anajifunga."

Nikasikia pumzi zinabadilika, zinakatika katika, nikadhani analia.

"Mulango," akasema baadaye kidogo, "ambia ule muntu mi niko na haraka. Haraka ya kweli. Nitamufungua namna gani?"

"Iko pini, mama. Nyuma yangu. Chini, pembeni ya tangi. Kichwa yake iko mviringo."

"Ageuze macho."

"Anageuza, mama."

"Mi nakuya na mugongo."

Mlango ukafunguka. Sikuona, nilikuwa nimekandamiza uso ukutani mpaka pua ikapinda. Lakini nilisikia, na mengine nimeyajua baadaye. Mama mkwe wangu alijifunika kitambaa kichwani, akageuka, akaingia bafuni kinyumenyume, ameketi sakafuni, anajisukuma kwa mkono mmoja. Mkono mmoja. Hilo lilinipita, nilikuwa na mambo mengine. Mkono ukaanza kupapasa nyuma yake, unatafuta. Ukagusa kisigino changu.

"Ii ni nini?"

"Ni muguu yangu, mama."

Mkono ukaruka kama umegusa jiko. Ukarudi, ukapita mbali, ukapata tangi, ukashuka. Ukapata pini. Ikatoka kwa sekunde moja. Chuma kikaruka juu na mimi nikaanguka mbele kama gunia la mahindi, uso kwenye saruji yangu mwenyewe, safi, yenye mteremko mzuri.

"Sasa toka," akasema. "Mbio."

Mkanda hakuna muda wa kuufungua. Nikatambaa. Nusu ya kikwembe ikabaki gurudumuni, nusu nikaivuta nayo ikachanika. Nikafika koridoni, nikavuta mlango, nikakaa na mgongo wangu ukutani, natweta. Imekwisha, nikasema. Imekwisha. Mama yuko bafuni, vyuma viko, atajiinua.

Nikasikia anashika chuma. Anaachia. Anashika. Anaachia. Mguno mdogo wa maumivu, ambao alitaka usisikike.

"Mulango." Safari hii sauti ilikuwa imechoka. "Nani aliweka chuma ku mukono mubaya?"

Sikuelewa.

"Bega ya kulia ilivunjika ile siku nilianguka. Mukono wa kulia hauna nguvu. Niko na mukono wa kushoto tu. Ku kushoto hakuna kintu."

Ngoie aliniambia habari za mguu. Za bega hakuniambia, kwa sababu sikumuuliza, na bafuni nilimkataza kuingia. Na mwenye bega alikuwa mita tano kutoka kwangu siku zote tatu nilizokuwa nachomelea, nyuma ya ukuta, na mimi natembea nikiangalia dari.

"Hautaweza, mama?"

"Siwezi." Halafu, polepole: "Na wakati inabakia kidogo sana."

Nitawaambia ukweli wa wakati ule. Niliona haya, lakini zaidi ya haya niliona uchungu. Nikasema kama bukwe ni heshima, heshima gani hii ya kumwacha mama akae sakafuni alowe, mbele ya choo nilichomjengea mwenyewe? Nikafungua mlango kwa kichwa. Nikaingia kwa mikono na magoti, macho nimefumba, nikamzunguka mpaka nikagonga choo kwa paji la uso. Nikasimama hapo kwa magoti na mikono, upande wa kushoto.

"Mama, mi niko chuma," nikasema. "Shikilia."

Nikasikia anafikiri.

Halafu mkono ukatua mgongoni mwangu. Mzito. Mkavu. Wenye nguvu kuliko nilivyotegemea. Akakanyaga kwa ule mguu wake mmoja, akasukuma, mgongo wangu ukalia, akainuka, akageuka, nikasikia ametua.

"Sasa kwenda," akasema.

Nikatambaa tena. Mlango. Koridoni. Nikauvuta kwa meno maana mikono yote miwili ilikuwa sakafuni.

Na hapo hapo mlango wa mbele ukafunguka.

Shemeji Ilunga. Shemasi, koti la misa, mfuko wa mapera mkononi. Nyuma yake Ngoie na samaki. Nyuma ya Ngoie, kwa sababu Mungu hakuwa ameridhika, akina mama wawili wa parokia waliokuwa wamewasindikiza. Wakanikuta niko mikono na magoti mlangoni mwa bafu, miguu imefungwa kwa mkanda wa mizigo, paji la uso lina saruji, mdomo bado umeshika mlango. Nikiwa nimewapa mgongo. Na dirisha liko wazi.

Samaki mmoja aliteleza kutoka mkononi mwa Ngoie.

"Beau," shemeji akasema mwishowe, taratibu sana, kama tunavyoitana mashemeji. "Unafanya nini apa? Na ile kikwembe, si ya mama?"

Nikatazama kile kipande kilichobaki kiunoni. Maua, ndiyo. Lakini katikati ya maua, picha ya msalaba na jina la parokia ya Kisenge. Kikwembe cha akina mama. Cha mama mkwe. Nimekivaa, nimekikalia, nimekichana.

Na kutoka ndani ya bafu ikaja sauti, tulivu, ya mtu aliyepata nafuu:

"Mumuache. Ule eko chuma yangu ya kushoto."

Halafu tukasikia maji. Alivuta maji mwenyewe. Yakashuka yote, yakajaa tena tangini, na sisi sote tumesimama koridoni (mimi sikusimama) tunasikiliza kama ni wimbo. Ngoie akaanza kulia. Akacheka. Akalia tena. Nilimjua vizuri, kwa hiyo nilijua kinachofuata ni mimi.

Mnadhani imekwisha. Shemeji ni mtu wa mambo rasmi. Nilipokwisha kuvaa suruali akaniita sebuleni na kunisomea. Nimesema na mama mkwe. Nimevaa nguo yake. Nimekalia mahali pake kabla yake. Nimemgusa, au yeye amenigusa, ni mamoja. Jambo kama hilo haliendi hivi hivi.

"Unayua inaomba nini."

"Kuku," nikasema.

"Kuku ya miaka kumi na moya."

Nikapanda pikipiki ya kwanza iliyopita, nikaenda sokoni, nikarudi na jike mweupe kwapani. Dereva aliniuliza sherehe ni ya nini. Nikamwambia bafu.

Ngoie akampika na ugali. Mama akaketi mezani kwenye kiti chake. Akala paja. Akala bawa. Akaomba maji ya kunywa, gilasi nzima, akayamaliza, akaomba nyingine. Ngoie na kaka yake wakatazamana.

Akafuta mikono. Akageuza kiti. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikauona uso wa mama mkwe wangu. Ana macho ya Ngoie. Na yalikuwa mekundu, na yana maji, na pembe za mdomo zinazuia kicheko, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kule nyuma ya mlango hakuwa analia hata kidogo.

"Kabange."

"Mama."

"Sasa bukwe inaisha. Kamata mètre, tukuye tupime."

Tukaenda. Mimi na utepe wa kupimia, yeye mbele kwenye kiti. Alikuwa na maneno ya wiki tatu. Chuma hiki hamisha kushoto. Kile shusha, mi siko askari. Sabuni iko juu ya nini kule, kwa twiga? Na kile chuma cha utundu, cha kushuka mabegani, alikitazama muda mrefu.

"Ii, ni ya kufunga nani?"

"Ni ya kukushikilia usianguke, mama."

"Unitie ndani ya gereza ju nisianguke." Akatikisa kichwa. "Toa. Lakini pini bakisha. Iko kazi muzuri."

Shemeji akachungulia mlangoni, akamuuliza kama amfungie vitu vyake vya safari ya kesho.

"Niende wapi?" mama akasema, hakugeuka hata. "Fundi hayamaliza bado kazi."

Kwa hiyo kesho baada ya misa ninachomelea upya, upande wa kushoto, na mwenye bafu ameketi mlangoni ananisimamia. Akina mama wa parokia wameniuliza kama naweza kuja kuwafanyia chuma na wao. Sijawajibu.

Ombi langu ni moja: msicheke. Mkishindwa, angalieni kwanza kaptula zenu nyuma, halafu mcheke.